Kutafuta thamani ya mtajo wa aljebra: mwongozo kwa mwanafunzi wa Goma na anayemsaidia nyumbani

Mtoto anayetumwa soko la Kituku kununua sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, anajua kupiga hesabu ya kilo tatu, kutoa bei kwenye noti aliyopewa na kurudi na chenji kamili. Mtoto huyohuyo akifika kalasi ya saba na kukuta kwenye daftari «25v + 3v + 2, tafuta thamani ikiwa v = 4», anaweka biki chini. Hesabu anaijua. Kinachomsimamisha ni ile herufi, na mara nyingi hakuna aliyekaa naye akamweleza inafanya nini katikati ya namba. Mwongozo huu ni wake, na wa dada, kaka au mzazi anayekaa naye jioni.

Hesabu inayosubiri namba

Tuanzie sokoni. Mama mmoja ananunua viazi vya Kibumba kwa magunia. Tuseme gunia moja ni dola 25, mwenye chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, anadai dola 3 kwa kila gunia hadi soko la Virunga, na sokoni kuna ushuru wa dola 2 kwa mzigo wote, uwe mkubwa au mdogo. Akileta magunia 4, atatumia 25 × 4 + 3 × 4 + 2. Akileta 7, atatumia 25 × 7 + 3 × 7 + 2. Mpango wa hesabu ni uleule kila siku. Idadi ya magunia tu ndiyo inayobadilika. Basi mahali pa idadi hiyo tunaweka herufi: 25v + 3v + 2.

Huo ndio mtajo wa aljebra. Ni hesabu iliyoandikwa yote, ila haijafanywa, maana kuna namba inayosubiriwa. Ukipewa namba hiyo, ukaiweka mahali pa herufi na kufanya hesabu hadi mwisho, umetafuta thamani ya mtajo. Shuleni kwetu masomo haya ni kwa Kifaransa, kwa hiyo kwenye ubao utasoma «expression algébrique» na swali litasema «calculer la valeur numérique». Kazi ni hiihii.

Angalia pia kwamba mtajo hauna alama ya «sawa na». Ukiona 28v + 2 = 114, huo ni mlinganyo, nao unakuuliza v ni ngapi. Hapa v tunapewa.

Herufi ni namba, siyo kitu

Hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu naamini matatizo mengi ya aljebra huzaliwa siku ambayo mtu, kwa nia njema kabisa, anamwambia mtoto kwamba «v ni viazi». Mwanzoni njia hiyo inaonekana kusaidia. 3v ni viazi vitatu, 2v ni viazi viwili, ukivijumlisha unapata viazi vitano, yaani 5v. Jibu ni sahihi na mtoto anafurahi. Wiki chache baadaye anakutana na v², yaani v mara v. Viazi mara viazi ni nini? Hakuna jibu, na mtoto anaanza kuamini kwamba aljebra ni mambo ya kukariri tu.

Chukua mfano mwingine. Simama kwenye mzunguko wa Chukudu uhesabu magurudumu yanayopita. Kila chukudu ina magurudumu mawili, kila gari dogo lina manne. Kama zimepita chukudu c na magari g, magurudumu yote ni 2c + 4g. Sasa mwulize mtoto 2c maana yake nini. Aliyefundishwa kwamba c ni chukudu atajibu «chukudu mbili», na amekosea kabisa: 2c ni idadi ya magurudumu ya chukudu zote zilizopita. Zikipita chukudu 5 na magari 3, tunapata 2 × 5 + 4 × 3 = 10 + 12 = 22. Hakuna mahali katika hesabu hiyo ambapo chukudu mbili zinatajwa.

Kwa hiyo, kabla ya kazi yoyote, mwambie aandike sentensi kamili juu ya ukurasa: c ni *idadi ya* chukudu, v ni *idadi ya* magunia, t ni *bei ya* dola moja kwa franga. Maneno «idadi ya», «bei ya», «urefu wa», «umri wa» yasikosekane. Usimruhusu kuyaruka, hata akilalamika kwamba anachelewa.

Na fedha zetu wenyewe zinaonyesha vizuri kwa nini herufi zinahitajika. Karibu kila mtu hapa ana dola na franga katika mfuko mmoja. Kama una dola d na franga f, na dola moja inabadilishwa kwa franga t, basi pesa zako zote kwa franga ni dt + f. Kiwango kinapanda na kushuka, ndiyo maana t inabaki herufi; mtajo haubadiliki hata kiwango kikibadilika. Kwa mfano, d = 15, t = 2800, f = 4500: tunapata 15 × 2800 + 4500 = 42 000 + 4500 = 46 500. Kesho kiwango kikiwa kingine, unabadilisha namba moja tu.

Mambo haya hayakuwa mepesi hata kwa wataalamu. Al-Khwarizmi, aliyefanya kazi Baghdad katika karne ya 9 na ambaye kitabu chake kiliipa aljebra jina lake, aliandika hesabu zote kwa maneno matupu, bila herufi za namna hii. Ilibidi kungoja hadi 1591 ndipo Mfaransa François Viète alipoanza kutumia herufi kwa mpango, kwa namba zinazojulikana na zisizojulikana pia, na 1637 ndipo René Descartes alipozoeza watu x, y na z. Mtoto anayehitaji wiki tatu kuzoea jambo lililowachukua wataalamu karne nyingi, msimwite mzito.

Hatua ya kwanza: fichua alama zilizofichwa

Katika aljebra alama ya kuzidisha huachwa. 3x ni 3 × x. dt ni d × t. 5(x + 2) ni 5 × (x + 2). x peke yake ni 1 × x, na −x ni −1 × x. Kosa la kwanza kabisa linatoka hapa: mtoto anaambiwa x = 5, anaona 3x, anaandika 35. Amechukulia x kama nafasi ya tarakimu. Dawa yake ni kumfanya asome kwa sauti, «tatu mara x», kila mara, hadi asikosee tena hata akisoma kimoyomoyo.

Kipeo nacho kina lake. x² ni x × x, siyo 2 × x. Na kile kidogo cha juu kinashika tu kile kilichokaa karibu nacho. Fikiria vyumba viwili vya mraba, kila kimoja kina upande wa mita x: sakafu zake pamoja ni 2x². Sasa fikiria chumba kimoja chenye upande mara mbili, mita 2x: sakafu yake ni (2x)². Kwa x = 3, vile viwili vina mita za mraba 2 × 9 = 18; hiki kimoja kina 6 × 6 = 36. Seremala anayetaka mbao za kutandika sakafuni atakuambia mara moja kwamba hayo si mambo mamoja.

Mstari wa sehemu pia ni mabano yaliyofichwa. Ukiona a + b juu ya mstari na 2 chini, maana yake ni (a + b) : 2, yaani a + b yote igawanywe kwa 2 (alama «:» ndiyo ya kugawanya). Ukiuandika kwenye mstari mmoja wa daftari au kwenye simu, weka mabano hayo waziwazi, la sivyo utagawanya b peke yake.

Hatua ya pili: kila namba iingie na mabano yake

Kama ningeruhusiwa kufundisha kanuni moja tu, ningechagua hii. Futa herufi, fungua mabano mahali pake, weka namba ndani, funga. Fanya hivyo hata kama namba ni nyepesi, kwa sababu siku itakapokuja namba hasi mkono utakuwa umezoea.

Tuchukue 4 − 3x + x² kwa x = −2.

Kwa mabano: 4 − 3(−2) + (−2)² = 4 + 6 + 4 = 14.

Bila mabano mtoto huandika 4 − 3 − 2 + −2², kisha 4 − 3 − 2 − 4, na kupata −5. Kuzidisha kumegeuka kutoa, na kipeo kimeacha alama ya hasi nje. Makosa mawili makubwa, na yote yangezuiwa na mabano.

Tofauti ya −x² na (−x)² inawasumbua hata wanafunzi wa humanités, yaani sekondari ya juu. Kwa x = 3, −x² ni −(3)² = −9, lakini (−x)² ni (−3)² = 9. Kalkulatrisi nyingi za kisayansi zinafuata kanuni hiyohiyo: ukibonyeza −3 kisha ² bila mabano, zitakupa −9. Mashine haijakosea, imefanya ulichoandika.

Namba hasi zisimtishe mtoto, hata hapa kwetu zina maana. Hewa hupoa kwa takriban digrii 6,5 kwa kila mita 1000 unazopanda. Tuseme mjini Goma, kwenye mita kama 1500 juu ya usawa wa bahari, kuna digrii 20. Ukipanda kilomita h kutoka hapo, joto litakuwa karibu 20 − 6,5h. Kilele cha Nyiragongo kina mita 3470, kwa hiyo h ni karibu 2: tunapata 20 − 6,5(2) = 20 − 13 = 7. Ndiyo maana wanaopanda Nyiragongo hubeba makoti mazito. Sasa nenda hadi kilele cha Margherita kwenye Ruwenzori, mita 5109, ambako h ni karibu 3,6: 20 − 6,5(3,6) = 20 − 23,4 = −3,4. Jibu ni hasi, na juu kule kuna barafu kweli. Nawapenda sana watoto wanapofika kwenye mstari huo, maana namba inakuwa imewaambia kitu kuhusu mlima ambao hawajauona.

Hatua ya tatu: fuata utaratibu

Wenzetu wa Tanzania hukariri neno MAGAZIJUTO: mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa. Linasaidia, na hapa Goma pia linajulikana kwa walimu wengine, lakini lina mambo matatu ya kuangalia.

Kipeo hakimo ndani yake. Kipeo hufanywa mara tu baada ya mabano, kabla ya kuzidisha au kugawanya.

Kugawanya hakuna haki ya kutangulia kuzidisha. Viwili hivyo vina cheo kimoja, na unafuata kutoka kushoto kwenda kulia. 6 × 4 : 2 haina shida kwa vyovyote, lakini 24 : 4 × 2 ni 12, anayezidisha kwanza atapata 3.

Vivyo hivyo kujumlisha na kutoa. Katika 20 − 8 + 5, anayefuata neno hilo kama lilivyo atajumlisha 8 na 5 kwanza na kupata 7. Jibu la kweli ni 17: una dola 20, unatumia 8, unapokea 5.

Mabano yakiwa ndani ya mabano, anza na ya ndani kabisa.

Hatua ya nne: mstari mmoja, tendo moja

Wanafunzi wetu hubana karatasi, na naelewa sababu: madaftari yana bei. Lakini hesabu iliyobanwa kwenye mstari mmoja haionyeshi kosa liko wapi, na mwalimu hawezi kutoa alama kwa hatua asizoziona. Andika hivi. Tunatafuta thamani ya 2(a − 3b)² : (a + 1) kwa a = 3 na b = −1.

2[(3) − 3(−1)]² : [(3) + 1]
2[3 + 3]² : 4
2 × 6² : 4
2 × 36 : 4
72 : 4
18

Kila mstari una thamani sawa na ulio juu yake. Jibu likikataa, unapanda mstari baada ya mstari hadi ukute pale mambo yalipoharibika.

Rahisisha kwanza pale inapofaa

Mama wa viazi hahitaji kuzidisha mara mbili. 25v + 3v ni 28v, kwa sababu kila gunia linamgharimu 25 na 3, yaani 28. Mtajo wake mfupi ni 28v + 2, na kwa v = 4 unatoa 114, sawa na ule mrefu. Unaweza kuunganisha tu sehemu zenye herufi ileile na kipeo kilekile: 28v na 2 haziunganiki kuwa 30v, wala 3x na 3x².

Mfano mzuri kuliko yote ninaoujua unatoka jimboni kwetu. Mwaka 1950 Mbelgiji Jean de Heinzelin alichimbua mfupa Ishango, pale mto Semliki unapotoka kwenye Ziwa Edward, ndani ya Hifadhi ya Virunga. Una umri wa miaka kama 20 000, na leo umehifadhiwa Brussels. Juu yake kuna mikato iliyochongwa kwa mafungu, katika safu tatu. Safu moja ina mafungu ya 11, 21, 19 na 9. Wataalamu hawajakubaliana aliyechonga alikusudia nini, lakini tazama namba zenyewe: 10 + 1, 20 + 1, 20 − 1, 10 − 1. Weka n mahali pa ile 1 na ujumlishe:

(10 + n) + (20 + n) + (20 − n) + (10 − n)

n mbili zinaongezwa, n mbili zinatolewa, na kinachobaki ni 60. Jaribu n = 1, unapata 11 + 21 + 19 + 9 = 60. Jaribu n = 7: 17 + 27 + 13 + 3 = 60. Jaribu namba yoyote. Thamani ya mtajo haitegemei n hata kidogo, na jambo hilo huwezi kuliona kwa kujaza namba moja tu. Kurahisisha ndiko kunakolionyesha kwa namba zote kwa mara moja. Safu nyingine, ya 11, 13, 17 na 19, nayo inafika 60. Mtoto ajumlishe mwenyewe.

Pima kazi yako kwa namba

Kutafuta thamani kunakupa pia njia ya kujisahihisha bila mwalimu. Umeandika kwamba 3(x + 4) ni sawa na 3x + 4? Weka x = 5 pande zote mbili: wa kwanza unatoa 27, wa pili 19. Umekosea, ni 3x + 12.

Chagua namba ya kupimia kwa akili. 0, 1 na 2 huficha makosa. Kwa x = 0, 2x² na (2x)² zote ni 0. Kwa x = 2, x² na 2x zote ni 4, na mtoto anaweza kuapa kwamba ni kitu kimoja. Tumia 5 au 7, kisha namba moja hasi. Zikitofautiana mara moja tu, mitajo si sawa. Zikilingana mara mbili hujathibitisha, ila una sababu nzuri ya kuendelea.

Pale thamani inapokosekana

Familia inakodi basi dogo la harusi kwa dola 60. Wanapanda watu n, na wazee wanne hawalipi. Kila anayelipa atatoa 60 : (n − 4). Kwa n = 16 ni dola 5. Kwa n = 4 tunapata 60 : 0, na hakuna namba yoyote inayoweza kuwa jibu: waliomo ni wazee watupu, hakuna wa kugawana gharama. Mtajo hauna thamani hapo. Usiandike 0, wala usiandike 60. Andika kwamba n haiwezi kuwa 4. Kwa n = 3 hesabu inafanyika, inatoa −60, lakini kwa habari ya basi jibu hilo halina maana. Kuuliza «je, namba hii inaingia katika habari tuliyopewa?» ni sehemu ya kazi.

Mazoezi, na majibu ya kulinganisha

1) 28v + 2, kwa v = 9.
2) 7 − 2x², kwa x = −3.
3) dt + f, kwa d = 8, t = 2800, f = 1500.
4) 3(m − 4) − 2(m − 5), kwa m = −6. Lifanye mara mbili: bila kurahisisha, kisha baada ya kurahisisha.
5) (p + q) : (p − q), kwa p = 6 na q = −2. Ni wakati gani mtajo huu hauna thamani?

La kwanza ni 254. La pili ni −11. Aliyepata 25 amefanya (−3)² kuwa −9, na aliyepata −29 amezidisha kwa 2 kabla ya kipeo. La tatu ni franga 23 900. La nne ni −8 kwa njia zote mbili, na mtajo mfupi ni m − 2; aliyepata −28 alisahau kwamba −2 nje ya mabano mara −5 ni +10, akaandika −10. La tano ni 4 : 8, yaani nusu, na mtajo hauna thamani kila mara p na q zinapolingana.